Opareta wa Mashine Iliyoitwa Mwizi

Mandazi hayakuruhusiwa kuingia chumba cha mashine. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyoisikia kinywani mwake, kabla hajaniuliza jina, na jina lenyewe hakuliuliza siku hiyo wala wiki hiyo. Alinishika vidole, akavigeuza kama mtu anayechagua ndizi sokoni, akasema, "Mafuta yakishika kadi, kadi inakwama. Kadi ikikwama, mkulima wa Rongai hapati haki ya mahindi yake. Nenda ukanawe." Nikaenda kunawa. Nilikuwa msichana mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima, na nilimchukia papo hapo.

Ofisini kila mtu alimwita Opareta, kuanzia mfagiaji hadi meneja. Kampuni yetu ilinunua nafaka kutoka kwa wakulima wa pande zote za Nakuru, na hesabu za magunia yao zilifanywa kwa kadi ngumu zenye matundu. Sisi wasichana tulizitoboa, yeye akaendesha mashine kubwa iliyozisoma, iliyonguruma mpaka chai ikatetemeka kikombeni chumba cha pili. Wageni waliiita kompyuta. Yeye alikataa kabisa. "Hii ni babu ya kompyuta," aliwaambia, "na babu anaheshimiwa kama babu." Kisha aliifuta vumbi kwa kitambaa cha flaneli ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukagua. Msichana mmoja akishatoboa kadi, kadi hiyo ililetwa kwangu pamoja na karatasi yake, nami nilipiga tarakimu zilezile upya kutoka mwanzo, juu ya kadi ileile. Tukitofautiana, mashine ilijifunga na taa nyekundu ikawaka. Ndipo tulipojua kwamba mmoja wetu amekosea. Opareta aliamini utaratibu huo kuliko alivyoamini benki au serikali. Alikuwa akisema, "Mtu hakagui kazi ya mkono wake. Jicho linaona kile ulichokusudia, halioni kile ulichofanya." Siku moja meneja mwenyewe alitoboa kadi kwa haraka, akataka ipite bila kukaguliwa. Opareta alizima mashine, akaketi juu ya kiti chake, akakunja mikono. Meneja alifoka mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe kadi ikaletwa kwangu, nikaikagua, na ilikuwa sawa kabisa. "Sikusema ina makosa," Opareta akamwambia. "Nilisema haijakaguliwa."

Nadhani hapo ndipo nilipoacha kumchukia.

Hakuwa mtu wa kupendeka, nisimpake mafuta kwa kuwa ameshaondoka. Aliongea kidogo na alichoongea kilikuwa amri. Mashine ikikwama, aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini huku ameingiza kichwa ndani yake, nasi tulijua kwamba akifika ubeti wa tatu mambo ni mabaya. Nyumbani kwake Lanet aling'oa redio kwenye umeme kila mawingu yalipokusanyika, hata mawingu ya kiangazi. Mke wake, tuliyemwita Mama kama kila mtu alivyomwita, aliniambia kwamba kitanda cha wageni kilikuwa kimelaliwa na nyaya tangu uhuru. "Mgeni akija analala kwa jirani," alisema. "Waya haitoki, yenyewe ndiyo mgeni wa nyumba hii."

Nyaya hizo zilikuwa na sababu. Kampuni iliwahi kumpeleka Nairobi kwa mafunzo, na huko akaonyeshwa kompyuta ya kweli, nyuma ya kioo, katika chumba chenye baridi. Alirudi amebadilika. Tulidhani atatusimulia ukubwa wake. Wala. Alichotusimulia ni neno alilolidokeza mkufunzi wao wakati wa chakula, kwamba ng'ambo kuna mashine iliyofundishwa kucheza drafti na mtu. Alilirudia neno hilo mbele yetu akiwa amesimama, kofia bado kichwani. "Haifanyi kazi," alisema. "Inacheza. Mnanielewa? Inacheza!" Sisi tulitazamana. Mtu huyu hatukuwahi kumwona akicheza kitu chochote. Watoto wake walikuwa hawathubutu kurusha mpira uani akiwa nyumbani.

Tangu siku hiyo alianza kuokota. Mitambo ya zamani ya simu ilipokuwa inatupwa, yeye alikwenda kuomba zile swichi ndogo za umeme zinazojifunga na kujifungua zenyewe kwa mlio wa ukucha ukigonga meza. Alizibeba kwa baiskeli ndani ya gunia la mahindi. Balbu zake zilikuwa za tochi na umeme wake ulitoka kwenye betri ya gari. Alikuwa ameamua kutengeneza mashine itakayocheza bao la mashimo na binadamu, ule mchezo ambao Wajaluo wanauita ajua na Wakikuyu giuthi, kwa kuwa, alisema, drafti ni mchezo wa kuletewa na huu ni wa kwetu.

Lakini wa kwetu akina nani? Hapo aliingia matatani. Alizunguka Nakuru nzima akiuliza kanuni, kwenye veranda za nyumba za reli, nyuma ya soko, kwenye ghala la Rongai ambako wapagazi walicheza wakisubiri lori. Kila kundi lilikuwa na kanuni zake za kusambaza kete na kula, na kila kundi lilimhakikishia kwamba wale wengine ni wadanganyifu tangu kuzaliwa. Nilikwenda naye mara moja nyumba za reli. Mzee mmoja alimweleza kanuni, wa pembeni akampinga, na kabla hatujaaga walikuwa wanatishana kwa mambo ya shamba ambayo hayakuhusiana na kete hata kidogo. Opareta aliandika yote bila kucheka. Mwishowe alichagua kanuni moja akasema itakuwa ya mji. "Nakuru ni ya kila mtu," aliniambia njiani. "Lazima kuwe na kitu kimoja hapa ambacho watu wanakaa chini wanacheza bila kuulizana wametoka wapi." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema.

Ikafika siku kampuni ikaamua mashine ya kadi ihamie makao makuu Nairobi. Yeye aliambiwa aifuate, apewe nyumba na cheo. Alikataa. Watu walisema akili zimemruka. Badala ya Nairobi alikwenda Bondeni, nyuma ya karakana ya seremala mmoja Kalasinga ambaye sisi tulimwita Fundi tu, akatundika kibao kilichoandikwa KARAKANA YA MICHEZO kwa rangi ya buluu. Wiki za kwanza waliingia vijana wakiulizia mipira na viatu vya kandanda.

Fundi ndiye aliyetengeneza masanduku. Alikuwa mtu wa kelele na utani, kinyume cha mwenzake kwa kila kitu, na sijawahi kuona watu wawili wakipatana vizuri hivyo huku wakigombana kutwa.

"Wewe Opareta," Fundi alimuuliza siku moja randa mkononi, "unataka sanduku ya mashine ama kabati ya bibi? Ukubwa gani hii?"

"Ukubwa niliochora."

"Na tundu ya shilingi iko wapi? Hujachora tundu ya shilingi."

"Haina."

"Bila tundu ya shilingi utakula nini, bwana? Utakula taa?"

"Ikiwa na tundu ni kamari. Watu watanunua mashine nzima, kama vile wananunua redio. Waweke shuleni, hotelini, kwa klabu."

Fundi alinigeukia mimi. "Dada, sema na huyu mtu yako. Mimi nimechoka." Lakini sanduku alilitengeneza, tena la mvule, na alilipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto.

Na mambo yalianza kwenda. Kabla ya bao walitengeneza vimashine vidogo. Kimoja kilikuwa na taa na vibonyezo viwili, wachezaji wakishindana nani atawahi taa ikiwaka. Kingine kilikuwa cha kulinganisha miji na mikoa yake. Shule moja ilinunua, klabu moja ikanunua, na mwenye hoteli mmoja mjini, Mhindi mpole mwenye miwani, akaweka kimoja karibu na kaunta na watu wakakipangia foleni. Kila Jumamosi mchana nilikwenda Bondeni kukagua. Opareta aliisoma michoro yake kwa sauti, waya baada ya waya, nami niligusisha kila ncha na taa ya kupimia. Taa isipowaka, alitafuta kosa, akalirekebisha, tukaanza upya kutoka juu. Hatukuruka hata waya mmoja. Nilikuwa na furaha siku zile kuliko nilivyokuja kuwa na furaha tena kwa muda mrefu, na ninalisema hilo mume wangu akiwa chumba cha pili.

Niliolewa, nikahamia Eldoret. Haukupita mwaka, Fundi naye akaenda. Hakuwa raia, leseni yake ya biashara ikakataliwa, na kama jamaa zake wengi akakata tiketi ya Uingereza, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Inasemekana siku ya kuaga alizunguka karakana akigusa mbao moja moja, akasema, "Huko hata mti yao sijui." Karakana ikachukuliwa na mtu mwingine, aliyemwachia Opareta kona moja karibu na mlango wa nyuma.

Kwa hiyo alibaki peke yake na kazi ile kubwa, mashine ya bao, ikiwa nusu. Mama alijitolea. Alimwambia, nisomee, mimi nitashika hiyo taa. Opareta akamjibu, "Hii si unga, mama." Yeye mwenyewe Mama ndiye aliyenisimulia, bila uchungu, kama anayesimulia hali ya hewa. Mimi ndiye niliyechukia kwa niaba yake.

Alichofanya Opareta badala yake nitakieleza kama nilivyokiona kwa macho yangu, maana nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni masihara. Alikuwa na lile koti la kijivu la kazini. Akiunganisha nyaya, alilivua, akafanya kazi kwa shati. Akimaliza, alitoka nje, akazunguka jengo, akarudi, akalivaa koti, akafunga vifungo vyote, akaketi upande wa pili wa sanduku na kuanza kukagua. Akiwa na koti alimsema vibaya yule aliyeunganisha. "Huyu mtu ana haraka," nilimsikia akinong'ona. "Huyu mtu hana mpangilio." Mtu yule yule aliyemzimia meneja mashine sasa alikuwa ameamua kwamba koti linaweza kuwa mtu wa pili. Nilitaka kucheka. Nilipomtazama vizuri nikashikwa na hofu.

"Nipe siku mbili nikukagulie," nilimwambia.

"Imeshakaguliwa," akasema.

Nilikuwa nimekuja kutoka Eldoret kwa sababu aliniita. Yule mwenye hoteli alikuwa amekubali: mashine iletwe Jumamosi, ichezwe mbele ya watu, na ikiwapendeza ataagiza nyingine za hoteli za rafiki zake Rongai, Eldoret mpaka Kericho. Karakana ilikuwa imebakiza pumzi hiyo moja tu. Opareta alilijua, Mama alilijua, hata mwenye kona alilijua, kwa kuwa alikuwa ameshaleta mtu wa kuipima hiyo kona kwa ajili ya kuweka charahani.

Ukumbi wa hoteli ulijaa. Walikuja wafanyabiashara na wake zao, makarani, wachuuzi wa sokoni waliosikia habari, na wazee wa nyumba za reli waliovalia makoti yao ya kazi ya zamani. Sanduku la mvule liling'aa. Kila shimo lilikuwa na mviringo wa balbu ndogo, kila balbu kete moja, na ukibonyeza shimo lako taa zilizima pale na kuwaka moja moja kwenye mashimo yanayofuata, tik, tik, tik, kama mkono usioonekana unasambaza. Watu walipiga makofi kabla hata mchezo haujaanza. Alichaguliwa mzee wa reli aliyestaafu, mchezaji hodari, naye akaketi akakunja mikono ya shati.

Alicheza vizuri na mashine ikamjibu vizuri. Nilimwangalia Opareta. Alisimama wima ukutani, na midomo yake ilikuwa inasogea pamoja na taa. Kisha mzee akabonyeza shimo lililojaa, taa zikatembea, zikafika kona ya mwisho upande wake, zikazima. Hazikuwaka kokote.

Mzee akasubiri kwa adabu. Akainama akachungulia. "Kete zangu ziko wapi?"

Akacheza tena, kwa uangalifu, na kwenye kona ileile zikamezwa tena.

"Hii mashine ni mwizi," mzee akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeombwa ushahidi.

Watu wakacheka. Mtu nyuma akapaza sauti, "Kula ya nani hii? Ni kanuni ya kina nani?" Mwingine akamjibu anayoijua yeye, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Kila mmoja akaona kwamba mashine imewapendelea wale wengine. Maneno yakaruka ambayo hayakuwa ya mchezo tena, ya nani amekula cha nani katika nchi hii. Opareta alikwenda kwenye kiti alichoning'iniza koti lake, akalivaa mbele ya watu wote, akafunga vifungo vyote, akaja kuketi mbele ya sanduku kulikagua. Wakaangua kicheko tena. Mwenye hoteli akanijia kwa upole, akaniambia pole pole, "Dada, mpeleke nyumbani." Sikuweza kumpeleka. Hakuinuka mpaka ukumbi ulipokuwa mtupu na wahudumu wakipandisha viti juu ya meza.

Jina hilo halikumwacha. Sokoni walimwita Mwizi wa Kete, kwa mzaha kwanza, baadaye bila mzaha. Klabu ikarudisha kimashine chake cha taa ikisema kinapendelea upande mmoja, na ilikuwa uongo, kile nilikikagua mwenyewe. Kibao cha buluu kikashushwa, charahani ikawekwa. Nilimwandikia, hakunijibu. Niliwakasirikia watu wa Nakuru kwa miaka kadhaa, nikawa napita mji huo bila kushuka.

Nilishuka mwishowe, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, kwa kuwa niliota yuko ubeti wa tatu. Nilikwenda Lanet moja kwa moja. Nyumba ilikuwa ileile, redio imeng'olewa, mawingu hakuna. Aliketi karibu na dirisha, amekonda, mikono inamtetemeka juu ya magoti kiasi kwamba sikujua nimsalimie vipi. Akaniondolea tabu.

"Umenawa?" akauliza.

Tulicheka wote wawili, na yeye alikohoa muda mrefu kwa ajili ya kicheko hicho.

Sanduku la mvule lilikuwa juu ya kitanda cha wageni. Aliniambia bila kunitazama kwamba mikono ilipokataa kabisa kushika waya, alimwita Mama. Yeye akasoma mchoro, Mama akashika. Siku hiyohiyo, jua bado liko juu, wakafika kwenye kona ya mwisho, na taa ya kupimia haikuwaka. Waya mmoja ulikuwa umefungwa kwenye msumari wa waya wa pembeni. "Nimeukagua ule waya sijui mara ngapi," alisema. "Kila mara niliona uko mahali pake." Akageuka kumtazama mke wake mlangoni. Mama alikuwa anapepeta maharagwe na hakuinua uso.

"Sasa mbona usiipeleke mjini, Mzee?" nikamuuliza.

"Kwa nani?"

Nikasogea kitandani, nikaligusa sanduku.

Akaniomba nicheze. Mama akaunganisha betri, taa zikawaka zote, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda. Mimi nimeujua mchezo ule kwa kukagua nyaya zake, sikuwa mchezaji wa maana, lakini nilijitahidi kwa nguvu zangu zote kwa kuwa nilijua angeniona nikilegeza. Taa zilitembea. Zilipokaribia kona ya mwisho nilisikia pumzi yake ikisimama. Zikapita, tik, tik, tik, zikaingia upande wa pili, zikaendelea. Ilinila kete polepole, kwa haki, mpaka nikabaki sina cha kubonyeza, na taa ndogo ya kijani niliyokuwa sijawahi kuiona ikawaka juu ya sanduku.

"Ni ya nini hii?"

"Ya kumaliza," akasema. "Hakuna mgeni aliyewahi kufika hapo." Macho yalimlowa, akayaacha yalivyo, maana mikono isingeweza kuyafuta. Mimi nililia kabisa, bila aibu, mkono wangu juu ya mvule wa Fundi.

Alichoka upesi baada ya hapo. Nikaaga, akanijibu kwa kuinua kidole. Mama akanisindikiza kwenye njia ya vumbi kuelekea barabara ya Nairobi, ananiambia yale daktari aliyosema kuhusu mapafu, na kwamba hakuna haja ya kumrudisha hospitali. Tulikuwa tumeshafika barabarani niliposikia mtu anaita kutoka dirishani, sauti nyembamba, neno lisilosikika. Mama akarudi mbio na leso yake ikimdondoka begani. Nikamwona akiinama dirishani, akitikisa kichwa kukubali, kisha akaja tena kwangu, anahema.

"Amenituma nikuulize," alisema. "Anasema yeye mwenyewe akikuuliza, pengine utamwonea huruma. Ilikuibia?"

"Haikuniibia, Mama. Ilinishinda."

Akanitazama usoni kwa makini ya mtu aliyekwisha kufundishwa kukagua. Kisha akarudi nyumbani kumwambia.